Je, Wajua? Seva Isiyo na Kioo

Chomeka kioo kwenye mashine iliyowekewa Ubuntu ya seva, na utakachokiona ni maandishi meupe juu ya weusi: jina la mashine, neno login, basi. Hakuna madirisha, hakuna pa kubofya. Mgeni wa kazi hii husema picha imepotea. Haikupotea, haikuwahi kuwekwa. Toleo hilo huja bila eneokazi kwa makusudi, kwa kuwa seva huendeshwa kwa amri kutoka mbali, na kila programu ya ziada hula kumbukumbu na kuwapa wadukuzi mlango mwingine wa kujaribu.

Je, wajua kwamba hata eneokazi likiwapo, mashine inaweza kuagizwa isiliwashe? Kwenye Linux nyingi za leo, andika systemctl get-default. Ikijibu multi-user.target, imeagizwa iishie kwenye maandishi. Ikijibu graphical.target na picha bado huioni, kuna kilichokwama njiani. Wengi hukimbilia kusakinisha kila kitu upya kabla ya kuuliza swali hilo dogo.

Je, wajua kwamba mfumo wa X, uliochora madirisha ya Linux kwa miaka mingi, ulianzia MIT huko Marekani mwaka 1984? Uliitwa X kwa sababu ulirithi nafasi ya mfumo ulioitwa W. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987, na hadi leo hakuna la 12. Kinachowavuruga watu ni mgawanyo wake wa kazi: katika X, seva ni ile yenye kioo mbele yako, na programu inayoendeshwa kwenye mashine kubwa ya mbali ndiyo mteja. Ndiyo maana programu hulalamika “cannot open display”. Imeuliza ichore wapi, na hakuna aliyeijibu. Ingia kwa ssh -X, na ikiwa mashine ya mbali inaruhusu na kompyuta yako ina X, programu itafanya kazi kule kule huku dirisha lake likifunguka mbele yako. Kwa shughuli ya mara moja moja, naona njia hii ni bora kuliko kuitwisha seva eneokazi zima.

Je, wajua kwamba uwanja wa kijivu kwenye VNC, ile njia ya kuliona eneokazi la mashine ya mbali, wenye kishale cha umbo la X katikati, ni habari njema? X inafanya kazi, ila hakuna programu iliyoamriwa kuleta eneokazi. Kwenye matoleo mengi dawa iko katika faili la xstartup, ndani ya folda ya .vnc: andika humo amri kama startxfce4, kisha ulipe faili ruhusa ya kuendeshwa. VNC yenyewe ilizaliwa Cambridge, Uingereza. Mmoja wa watengenezaji wake, Quentin Stafford-Fraser, alishiriki pia mwaka 1991 kuelekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili wenzake wasiinuke vitini bure kulifuata likiwa tupu.

Je, wajua kwamba kuna plagi ya HDMI isiyounganishwa na kioo chochote? Ndani yake mna kichipu kidogo kinachoiambia kompyuta kwamba kioo kipo na kina ukubwa fulani. Baadhi ya mashine zisipodanganywa hivyo hazichori kitu, au huchora picha finyu. Programu iitwayo Xvfb haihitaji hata plagi: huchora madirisha ndani ya kumbukumbu tu, na wanaopima tovuti huitumia sana.

Na je, ukiandika nywila sahihi, picha ikawaka kidogo kisha ukarudishwa pale pale pa kuingilia? Ingia kwa maandishi uandike df -h, maana diski iliyojaa hufanya hivyo. Kama nafasi ipo, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukikuta mwenye faili ni root, huenda mtu aliwasha picha kwa sudo startx. Mrudishie mwenyewe faili lake kwa chown.