Fahamu: Kwa nini kijana anasahau alichoambiwa sasa hivi?

Umeingia jikoni, umesimama, hukumbuki ulifuata nini. Kwa kijana, mara nyingi chanzo ni kukosa usingizi. Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana tunapolala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Anayeperuzi simu hadi saa nane usiku huamka na umakini hafifu, na jambo usilolisikiliza vizuri huwezi kulikumbuka. Msongo wa mawazo, sonona, pombe na bangi pia huchangia.

Lakini tusiwalaumu vijana kwa kila kitu. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni inayofanya kazi taratibu, au ukosefu wa vitamini B12, hasa kwa asiyekula nyama, mayai wala maziwa, huleta hali hiyohiyo, na vipimo vya damu hubaini matatizo hayo. Ukisahau ghafla huku ulimi ni mzito au uso umepinda, nenda hospitali papo hapo.