Duka la mnadani kwenye gari: Waya mwembamba unavyokula umeme wa sola

MFANYABIASHARA wa dawa za mifugo anayefuata minada hubeba duka lake lote nyuma ya gari. Ndani ya bodi ya Canter kuna rafu za dawa, meza ya kukunja, kipaza sauti na friji ndogo ya chanjo. Wiki hii yuko Meserani mkoani Arusha, wiki nyingine Msalato mkoani Dodoma au Mhunze mkoani Shinyanga.

Hata pale nguzo za umeme zilipofika kijijini, uwanja wa mnada mara nyingi uko pembeni ya makazi na hauna pa kuchomeka. Jenereta inakula mafuta na kelele zake hufukuza wateja. Ndiyo maana wengi wameamua kufunga sola juu ya gari.

Tatizo huanza usiku. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Friji ikijizima saa nane usiku, chanjo inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mfugaji huinunua, hurudi nyumbani akiamini kuku wake wana kinga, na mdondo ukipita hubaki na banda tupu. Hasara ya kwanza ni yake, ya pili ni ya muuzaji, kwa kuwa mteja huyo harudi tena.

Likitokea hilo, wengi hulaumu paneli na kukimbilia kununua nyingine kubwa zaidi. Mara nyingi paneli haina kosa. Kosa liko kwenye hesabu ambayo haikupigwa na kwenye waya ulionunuliwa kwa kuangalia bei.

Anza na daftari, si duka

Kabla ya kununua chochote, andika kila kifaa, wati zake na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Zidisha wati kwa saa, kisha jumlisha.

Chukua mfano wa duka hilo la kwenye Canter. Friji ya volti 12 yenye wati 45, ambayo mota yake hufanya kazi jumla ya saa 12 kwa siku, hutumia wati-saa 540. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Kuchaji simu 20 za wateja, tuseme wati-saa 10 kila moja, ni 200. Kipaza sauti cha wati 20 kwa saa 6 ni 120. Jumla ni wati-saa 960 kwa siku.

Umeme fulani hupotea njiani na ndani ya betri, hivyo ongeza asilimia 30. Utapata karibu wati-saa 1,250. Sehemu kubwa ya Tanzania hupata jua linalolingana na saa 4 hadi 6 za jua kali kwa siku. Kwa gari, ambalo paneli zake hulala bapa na kushika vumbi, ni salama kuhesabu saa 4. Gawanya 1,250 kwa 4, utapata wati 312. Paneli mbili za wati 160 zinatosha.

Pima paneli kwa futikamba

Sokoni zipo paneli zenye maandishi makubwa kuliko uwezo wake. Kuna njia rahisi ya kuzigundua. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa karibu wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, na zilizo bora zaidi huzidi hapo kidogo tu. Ukiona paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita imeandikwa wati 200, weka fedha yako mfukoni.

Wakati wa kufunga, acha nafasi ya vidole vichache kati ya paneli na paa ili hewa ipite. Paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Ikifika nyuzi 60 mchana, paneli ya wati 160 hubaki na takriban wati 138. Aidha, usiegeshe gari chini ya mti kwa kutafuta kivuli cha dereva, kwani hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa.

Betri ya kuwashia gari haifai

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiifanyia kazi ya kuendesha friji usiku kucha, itakufa mapema. Tafuta betri ya sola.

Kwa mfano wetu, wati-saa 960 ukigawanya kwa volti 12 ni ampea-saa 80. Betri ya risasi isitumiwe kupita nusu, hivyo unahitaji angalau ampea-saa 160. Ya 200 itakupa nafasi siku ya mawingu. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 hufanya kazi inayokaribia hiyo, kwa kuwa inaruhusu kutumika hadi asilimia 80 au zaidi. Bei yake ya kununua ni kubwa, lakini ni nyepesi na hudumu zaidi ikitunzwa.

Betri ya risasi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji. Ifungwe imara penye kupitisha hewa, si chini ya kitanda cha dereva.

Kidhibiti chaji: PWM au MPPT?

Kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita chaji kontrola, husimama kati ya paneli na betri ili betri isichajiwe kupita kiasi. Viko vya aina mbili. PWM ni ya bei nafuu, lakini huivuta paneli ifanye kazi kwa volti za betri. Paneli inayotoa ampea karibu 9 kwa volti 18 hubaki kutoa ampea hizo hizo 9 kwa volti 13. Wati 160 zinakuwa karibu 117, na zaidi ya robo imepotea kila siku.

MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hufika kwenye betri. Kwa paneli kubwa za nyumbani zenye volti 30 na zaidi, usijaribu PWM kwa betri ya volti 12.

Ili kujua ukubwa, gawanya wati 320 kwa 12, utapata ampea karibu 27. Ongeza robo kwa usalama, utafika 34. Chukua cha ampea 40. Angalia pia volti kinazoweza kupokea. Paneli hizo mbili zikiunganishwa kwa mfululizo hufikia volti karibu 45 zisipokuwa na mzigo, na asubuhi ya baridi ya Makete au Njombe hupanda zaidi. Kidhibiti cha volti 50 kitakuwa ukingoni. Cha volti 100 ni salama. Kama betri ni ya lithiamu, hakikisha kidhibiti kina mpangilio wake.

Waya ndiyo mwizi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Kwa wati zile zile, umeme wa volti 12 huhitaji ampea nyingi kuliko umeme wa nyumbani, na ampea nyingi zikipita kwenye waya mwembamba volti hushuka njiani.

Hesabu yake ni hii: zidisha urefu wa waya kwa 2, kwa kuwa umeme huenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, kisha gawanya kwa unene wa shaba katika milimita za mraba.

Rudi kwenye friji ya chanjo. Imewekwa mita 6 kutoka kwenye betri na huvuta ampea 4. Ukitumia waya wa milimita 0.75, ule mwembamba wa taa ya mezani, utapoteza volti 1.12. Usiku, betri ya risasi ikiwa na volti 12.1, bado ina karibu nusu ya umeme wake. Lakini friji inapata chini ya volti 11, na mota inapoanza huvuta zaidi kwa kitambo, volti zikashuka tena. Friji nyingi za aina hii hujizima volti zikikaribia 10.5. Chanjo inaharibika wakati betri ina umeme.

Ukitumia waya wa milimita 4, upotevu ni volti 0.21 tu. Tofauti ya bei ya waya huo kwa mita 6 ni ndogo kuliko thamani ya chanjo zitakazomwagwa.

Kutoka kwenye paneli hadi kwenye kidhibiti, kwa mita 5, waya wa milimita 4 unatosha endapo paneli ziko kwa mfululizo. Zikiwa sambamba, ampea huwa mara mbili, hivyo tumia milimita 6 au 10. Kati ya kidhibiti na betri tumia milimita 10, na usizidishe mita moja.

Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Fyuzi hulinda waya usiungue, kwa hiyo ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Gari hutikisika kila siku. Waya uliosuguliwa na chuma cha bodi bila fyuzi unaweza kuteketeza duka na gari.

Wakati wa kuunganisha, anza na betri kwenye kidhibiti, ndipo paneli zifuate. Wakati wa kufungua, anza na paneli.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi kabla ya kipimo kimoja. Washa friji, pima volti kwenye betri, kisha pima pale waya unapoingia kwenye friji. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ubadilishwe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa duka la kwenye gari, daftari hilo liwe na ukurasa wa waya.