Fahamu: Itikadi kali inavyoweza kujadiliwa darasani

Itikadi kali ni msimamo unaomwona kila mwenye fikra tofauti kuwa adui anayestahili kuondolewa, na kijana huvutwa polepole hadi kuukubali, aghalabu kwa ahadi za fedha, heshima au udugu. Dodoma iko mbali na Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako uasi wa wenye itikadi kali ulioanza Oktoba 2017 ulivuka Mto Ruvuma miaka 3 baadaye na kukishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hata hivyo, ujumbe wa simu haujui umbali, na Chuo Kikuu cha Dodoma hupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi.

Njia mojawapo iliyo salama ya kuijadili itikadi kali darasani ni kila mwanafunzi kuandika swali lake kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina, kikakunjwa na kutiwa katika boksi tupu la chaki, kisha mwalimu akalisoma na darasa likalijadili kwa hoja, bila dini yoyote kuhusishwa na ugaidi, kwa kuwa mwanafunzi anayekemewa kwa kuuliza (na kumkemea ndiko kosa kubwa kuliko yote) huenda kuuliza kwingine, ambako anayemjibu hana nia njema. Walimu wasisubiri tukio ndipo waanze mjadala huo.