Unga wa Kapsuli Hauponyi Mapunye

Kufungua kapsuli ya antibiotiki na kumwaga unga wake juu ya choa ni kupoteza dawa. Antibiotiki huua bakteria, ilhali choa na mapunye huletwa na fangasi, viumbe wa namna nyingine kabisa. Poda ya klotrimazoli hufaa katikati ya vidole vya miguu, ngozi ikikaushwa kwanza. Mapunye ya kichwani huhitaji vidonge, kwa kuwa fangasi wamejificha ndani ya nywele. Mkazi wa kijiji kama Kasanda atasema hospitali ya Kibondo iko mbali, duka la dawa liko jirani. Simlaumu. Lakini kapsuli chache za dukani zina hatari: tayari mwaka 1945 Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kwamba dozi pungufu huwazoesha bakteria kuihimili dawa hiyo. Na pale bakteria wanapohusika kweli, jipu lenye homa, au wekundu unaosambaa, lipelekwe zahanati siku hiyohiyo.