Acha kuniuliza mashine gani ina sauti nzito

"Fundi, kati ya MPC na SP-404, gani iko na sauti nzito?"

Swali hili naulizwa na vijana wa njia ya matatu namba 8 na wa 46 vilevile, na mara nyingi anayeuliza ameshatuma pesa za kushikilia mzigo. Haulizi nyuma ya mashine pameandikwa volti ngapi. Haulizi inatumia kadi ya aina gani, wala kama kadi hiyo bado inatengenezwa popote duniani. Haulizi kama kifaa anachouziwa kinaweza kutoa mlio bila laptopu kando yake. Anauliza sauti. Basi leo nitajibu habari ya sauti hadi mwisho, ili nisiulizwe tena.

Imani inayozunguka soko la Toi na kandokando ya barabara ya Naivasha hapa Nairobi ni kwamba sampla ya zamani, hasa MPC, ina uzito wake wa ndani: ukipitisha ngoma humo inatoka imenona, na mdundo unajiyumbisha wenyewe kama wa produsa J Dilla. Wauzaji wanaijua imani hii vizuri. Ndiyo maana mashine yenye umri wa miaka ishirini na zaidi, padi zake zimechoka na kioo chake kimefifia, inaitishwa pesa ambazo zingenunua kifaa kipya chenye risiti na dhamana.

Imani hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani, E-mu, ilitoa SP-1200. Ilinasa sauti kwa biti 12, mara 26,040 kwa sekunde, na kumbukumbu yake yote ilibeba sekunde 10 tu. Kwa kasi hiyo ya kunasa, chochote kilicho juu ya kilohezi 13 hivi hakiingii, kwa hiyo ule mng'ao wa juu wa matoazi unakatwa. Sasa fikiria wewe ni produsa wa New York na una sekunde 10 za wimbo mzima. Maprodusa wale walicheza santuri ya kasi ya 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi, wakakinasa, kisha wakakishusha ndani ya mashine kirudi kwenye tyuni yake. Kule kushusha ndiko kulikoacha mkwaruzo unaoupenda kwenye rekodi za enzi hizo. Uhaba wa kumbukumbu na ujanja wa kuukwepa ndio uliozaa ule ukali. Mwaka 1988 Akai ya Japani ikaleta MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, nayo ya biti 12 na kumbukumbu ya sekunde 13 hivi.

Hizo mbili zina rangi yake, sikatai. Lakini si hizo unazoonyeshwa. Zinazofika Nairobi, kwenye mizigo ya mitumba au katika sanduku la jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, ni za vizazi vilivyofuata: MPC2000XL, MPC1000, MPC500, SP-404 ya Roland, Electribe ya Korg. MPC2000XL inanasa kwa biti 16, mara 44,100 kwa sekunde. Hicho ni kipimo cha CD. Simu iliyo mfukoni mwako inakifikia bila shida. Hata MPC3000 ya 1994, ambayo ile ya Dilla mwenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Wamarekani weusi huko Washington, ni ya biti 16. Kwa hiyo mtu anayekuambia kuwa 2000XL yake ina "joto la biti 12" anakuuzia kitu ambacho mashine hiyo haikuwahi kuwa nacho tangu ilipotoka kiwandani.

Hapo mjadala wa biti ukiisha, wanahamia kwenye swingi. "Lakini fundi, swingi ya MPC haiko kwa laptop." Iko. Swingi ni hesabu, na Roger Linn amewahi kuieleza hadharani bila kuficha lolote. MPC za zamani zinagawanya kila pigo kuu katika tiki 96. Ndani ya pigo kuu kuna vipigo vinne, kila kimoja tiki 24. Swingi inavichukua viwili viwili na kukichelewesha cha pili. Kwenye asilimia 50 vimelingana, 24 kwa 24. Kwenye asilimia 66 cha kwanza kinapewa tiki 32 na cha pili 16, yaani kile cha pili kimechelewa tiki 8. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, tiki moja ni kama milisekunde 7, kwa hiyo unazungumzia kuchelewa kwa milisekunde 56 hivi. Programu yoyote ya muziki yenye kitufe cha swingi inafanya hesabu hiyo hiyo. Ama kuhusu Dilla, Dan Charnas ameandika kitabu kizima, Dilla Time, kilichotoka 2022, kuonyesha kwamba ule mvutano unatokana na jinsi alivyopanga mapigo yaliyonyooka yagongane na yanayoyumba, snea ikisogezwa huku na ngoma ya besi ikivutwa kule. Ilikuwa ni kazi ya mtu aliyekaa chini akaamua, ngoma moja baada ya nyingine. Ukinunua MPC3000 leo utapata vitufe alivyokuwa navyo. Uamuzi bado ni wako.

Najua nini kinawapoteza wengi. Muuzaji ameunganisha mashine na sabufa ya duka, ameongeza volyumu, na kando yake una simu yenye spika ndogo kama kifungo. Sikio la binadamu likisikilizishwa sauti mbili zilezile, moja ikiwa juu ya nyingine kwa desibeli mbili tu, litaichagua ile ya juu na kuiita nene, nzito, yenye joto. Jipime mwenyewe. Chukua ngoma moja ya besi, iingize kwenye mashine na kwenye simu, unganisha zote mbili na spika ileile, linganisha volyumu hadi zitoshane kabisa, kisha mwenzako akuchezee huku umegeuka. Ukishindwa kutambua ipi ni ipi, pesa ulizokuwa unalipia "uzito" zibaki mfukoni.

Na kama kweli unatafuta uzito, tazama chumba chako. Produsa wengi wa Kibera na Kawangware wanachanganyia muziki kwenye chumba cha mabati. Mabati yanarudisha sauti za juu moja kwa moja masikioni na kuacha besi ikipenya nje kwa jirani. Humo ndani utasikia besi pungufu, utaiongeza, kisha wimbo ukichezwa kwenye matatu unanguruma hadi maneno hayasikiki. Hakuna sampla inayotibu hilo. Hedifoni nzuri zilizofungwa, blanketi nzito ukutani nyuma ya spika na upande unaokuelekea, na faili za ngoma zisizokuwa zimekwanguliwa kutoka video za intaneti zilizobanwa mara mbili: hivyo vitabadilisha sauti yako kabla ya mashine yoyote. Muziki wa singeli wa Dar es Salaam, ule uliotoka studio ya Sisso na kufika kwenye majukwaa ya Ulaya baada ya mkusanyo wa Sounds of Sisso wa 2017, umetengenezwa kwa kompyuta za kawaida. Hakuna aliyewauliza maprodusa wake biti ngapi.

Kitu kimoja nakubali: SP-404 ina efekti zake, ile ya kuiga santuri na ile ya kubana sauti, ambazo zina ladha inayotambulika. Ukizipenda, hiyo ni sababu ya haki ya kuitafuta. Sababu nyingine ya haki ni mikono. Kuna mtu akishika padi anatoa midundo ambayo hangeipata kwa mausi, na mashine isiyo na jumbe za WhatsApp inamwacha afikirie. Mimi ningeweka ya tatu juu ya zote mbili, nayo ni betri. Mahali umeme wa sambaza, ule wa kuunganishiwa kiholela, unapopungua kila jioni na kukatika bila taarifa, mashine inayotumia betri ndogo sita za AA itamaliza wimbo wakati laptopu ya zamani imezima. SP-404 ya kwanza na SP-404SX zinatumia hizo, MPC500 pia, Novation Circuit ya 2015 pia, na Korg Volca Sample. MPC2000XL haina hiyo nafasi.

Sasa ukaguzi, haraka, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Kwanza hakikisha ni mashine kweli. MPD ya Akai ina padi kama za MPC na jina linalofanana, lakini haina sauti ndani yake hata moja. Ni ya kuendesha programu. MPC Renaissance na MPC Studio za 2012 pia haziishi bila kompyuta, na Maschine nyingi za Native Instruments ni hivyo hivyo, tena utahitaji muuzaji akuhamishie usajili wa programu. Mwambie acheze mlio kupitia hedifoni bila kompyuta kuwepo mezani. Akisita, ondoka.

Pili umeme. Geuza mashine usome nyuma. Pakiandikwa 100–240V, au 220–240V, ni sawa kwa Kenya. Pakiandikwa 100V ni ya soko la Japani, na 120V ni ya Marekani. Kuichomeka kwenye 240 kwa kubadilisha plagi tu ni kuiunguza. Na tafadhali, stabilaiza ya friji haishushi umeme hadi 100. Kazi yake ni kukulinda 240 yako ikipanda au ikishuka. Unahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati za kutosha, na bei yake uitoe kwenye bei ya mashine. Kwa zinazotumia adapta, angalia mchoro wa chanya na hasi: adapta za Roland za volti 9 zina hasi katikati, za Korg zina chanya katikati, na zile adapta za vichwa vingi za barabara ya Luthuli zinaweza kugeuzwa upande wowote. Kosea hapo na unaweza kuiua mashine kwa sekunde.

Tatu, jaribio ambalo karibu kila mnunuzi analiruka: nasa sauti, ihifadhi, zima mashine kabisa, washa, ifungue tena. MPC2000XL ikizimwa inasahau kila kitu ambacho hakikuhifadhiwa, na kama kiendesha flopi kimekufa umenunua mashine isiyo na kumbukumbu ya kesho. Uliza pia ina megabaiti ngapi: ilitoka kiwandani na 2, ambazo ni sekunde 20 na ushei za mono, na inaweza kupanda hadi 32. SP-404 ya kwanza, MPC500 na MPC1000 zinatumia CompactFlash. SP-404SX inatumia SD, na kwa hilo pekee ni afadhali. Electribe ES-1 na ESX-1 zinatumia SmartMedia, kadi ambayo haitengenezwi tena, kwa hiyo bila kadi yake mkononi usizichukue.

Nne, gonga kila padi kwa kidole kimoja, polepole kisha kwa nguvu, uone kama nguvu inabadilika na kama padi inalia mara mbili kwa pigo moja. Kwenye MPC1000 bonyeza kila kitufe kidogo, maana huchoka. Zungusha kila noba, tikisa kila tundu la sauti waya ukiwa ndani, sikiliza mngurumo. Noba ikikwaruza, ni usafi wa dawa ya kontakti na bei ipungue kidogo. Mtu akitaka kuipulizia WD-40, mzuie. Inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Padi mbili zilizokufa ni sensa, na sensa huagizwa ng'ambo, kwa hiyo bei ipungue sana.

Kama bajeti haifiki, Koala Sampler kwenye simu inafanya karibu kila kitu ambacho sampla ndogo inafanya, na MPC Beats ya Akai ni ya bure kwenye kompyuta. Anza hapo miezi michache, utajua mikono yako inataka nini. Ukitaka kufundishwa, kuna kituo cha muziki kiitwacho Santuri hapa Nairobi. Ukiwa na pesa za wastani, tafuta SP-404SX au Circuit ya kwanza. MPC2000XL iachie mtu mwenye flopi, transfoma na fundi wa karibu.

Usitume hata shilingi ya kushikilia kabla ya kuona. Piga picha namba ya mashine, andikishianeni karatasi yenye jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na ulipe kwa M-Pesa ili kuwe na rekodi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi, na sampla inayouzwa robo ya bei yake usiku kwenye kituo cha matatu ni sababu tosha ya kuamini hivyo.