Kabla ya treni, mawe

Jirani yangu alinipata kwenye korido nikichekecha mawe kwa chujio la chai. Akasimama na beseni lake la nguo, akanitazama kidogo, kisha akauliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia hizo ni kokoto za reli.

"Reli gani inapita hapa kwa ploti?"

Inapita chini ya kitanda changu. Ni kipande cha plaiwudi cha futi nne kwa mbili ambacho hulala sakafuni mchana na kupanda mezani usiku nikitoka kazini. Juu yake kuna stesheni ya Limuru, au tuseme kitu kinachojaribu kuwa Limuru: njia mbili za reli, shamba la chai, na treni moja ya umeme niliyoipata kwa muuzaji wa vitu vya watoto vya mtumba. Jamaa alidhani imekufa. Nilifika kwa keja, nikafuta magurudumu kwa spiriti, nikaunganisha volti 12, ikaenda. Nilipiga kelele peke yangu.

Wengi wanaoingia kwenye uraibu huu huanza hivyo, kwa treni. Na wengi huishia hapo, treni ikizunguka kwenye ubao mtupu mpaka iwachoshe. Mimi pia nilikaribia kuishia hapo. Kilichonirudisha ni mawe, pamoja na mzee wangu, ambaye kwa miaka mingi hakutaka kabisa kuzungumzia reli.

Ukitaka kuona mambo haya yakifanywa na watu wenye pesa na nafasi, tafuta video za Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani. Ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun waliifungua 2001, na leo ina zaidi ya kilomita 16 za reli ndogo. Nilizitazama usiku mwingi kabla ya kugundua kwamba siangalii treni. Macho yangu yalikuwa chini: vumbi, nyasi, mawe kati ya mataruma. Treni yao na yangu hazikupishana sana. Ardhi ndiyo iliyotofautiana.

Siku ukivuka reli pale Kibera au Makadara, tazama unapokanyaga. Yale mawe hayakumwagwa ili kupamba. Treni ikipita, uzito wake hushuka kutoka kwa reli hadi kwenye taruma, na kutoka kwa taruma hadi kwenye kokoto, ambazo huusambaza mpaka udongo wa chini usizame. Maji ya mvua hupenya katikati yake badala ya kusimama. Na yale yaliyorundikwa pembeni, nje ya ncha za mataruma, huzuia njia isihame jua linapoipasha moto. Ndiyo maana ni mawe ya kupasuliwa, yenye kona. Changarawe ya mtoni ni laini na ya mviringo, huteleza. Yenye kona hushikana.

Sasa yapunguze. Jiwe la milimita 50, likipunguzwa mara 87 kama treni za kipimo maarufu kiitwacho HO, linabaki na milimita 0.6 hivi. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: wanamwaga mchanga wa ujenzi, na njia inaonekana kama imejazwa viazi. Mimi nilitumia vumbi la mawe kutoka machimboni, lile la kijivu ambalo mafundi huweka chini ya kabro. Chujio la chai linazuia makubwa. Soksi ndefu ya kike inapitisha unga usiotakiwa. Kinachobaki katikati ndicho chako.

Halafu kuna jambo nusura linigharimu injini. Mawe ya Nairobi yametokana na volkano, na ndani yake mna chembe zenye chuma. Pitisha sumaku juu ya vumbi lako, hata ile ya spika mbovu, uone itakavyoota ndevu. Chembe hizo zikibaki njiani, mota ya treni itazivuta na kuzimeza. Nilipitisha sumaku mara nne, na bado mara ya nne ilitoka na kitu.

Kumwaga kokoto zenyewe ni kazi ya mtu asiye na haraka. Kwanza pima njia yako: endesha treni mbele na nyuma, polepole, mpaka uhakikishe haigomi popote, maana ukishagundisha hutaki kurudi. Paka ubavu wa reli rangi ya kutu. Kisha mwaga kwa kijiko, kidogo sana, na usambaze kwa brashi laini. Gongagonga reli kwa mpini wa brashi, punje zilizokaa juu ya mataruma zitaanguka zenyewe. Hapa mimi hutumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu kosa ambalo ni kavu linafagiwa, na likilowa gundi linakuwa sehemu ya nyumba.

Kisha lowesha. Usiweke gundi moja kwa moja, itajikunja kuwa matone na kuburuta mawe yako yote. Nyunyiza kwanza maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, mvuke tu, mpaka kila kitu kiwe na giza la unyevu. Ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, kwa bomba la sindano la duka la dawa. Itapenya yenyewe. Futa juu ya reli kabla haijakauka, la sivyo umeme hautapita. Nenda ukalale. Asubuhi utagusa na kuona ni mwamba.

Pale reli mbili zinapoachana, weka mawe machache mno na tone la mafuta kwenye sehemu zinazosogea. Mimi sikuweka. Nilifungua macho asubuhi nikapata njia ya pili ya Limuru imefungwa milele.

Wiki hiyohiyo Mzee akaja mjini.

Alikuwa na kliniki ya macho, na angekaa kwangu wiki mbili. Nyumba ni chumba kimoja. Yeye akachukua kitanda, mimi nikatandika godoro sakafuni, na Limuru ikakosa pa kujificha. Nilikuwa na wasiwasi, si wa aibu ya mtu mzima kuchezea treni, bali kwa sababu namjua. Alifanya kazi kwenye genge la njia, wale watu wa sululu na toroli wanaotunza kipande chao cha reli chini ya mnyapara. Kazi ilipoisha iliisha vibaya. Tangu hapo, tukipita karibu na njia ya treni huangalia upande mwingine. Kama mtoto nilijifunza kutouliza.

Siku ya kwanza hakusema neno. Ya pili, nikiwa napika, nikasikia kimya cha aina fulani, nikageuka. Alikuwa ameinama juu ya ubao. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo tena, kwa hiyo alikuwa anasoma kwa vidole. Akapitisha kidole juu ya mataruma, akapima upana wa njia kwa ukucha, akagusa ukingo wa kokoto.

"Nani alikwambia Limuru kulikuwa na taruma za mbao?"

Nikasema zilikuja hivyo na reli.

"Sisi tulikuwa na za chuma. Ncha zake zimekunjwa chini, zinauma mawe. Na hii njia yako ni pana. Hii ni ya SGR."

Nilisimama na mwiko mkononi. Alikuwa sahihi kabisa. Reli yangu ina milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Zidisha kwa 87 upate kama milimita 1,435, ambao ni upana wa SGR iliyofunguliwa 2017. Njia ya zamani, ile iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ni ya mita moja. Miezi mitano nimekuwa nikijenga Limuru ya babu zetu juu ya njia ya Madaraka Express, na aliyegundua ni mtu asiyeona vizuri.

Kununua reli nyembamba ya milimita 12 kutoka ng'ambo sikuwa na uwezo. Nilichofanya ni kugeuza hesabu. Kama siwezi kupunguza njia, nikuze dunia. Kwa kipimo cha 1 kwa 64, mita moja inakuwa milimita 15.6, na mimi nina 16.5, tofauti haifiki milimita moja. Waundaji wa Afrika Kusini, Australia na New Zealand hutumia ujanja uohuo kwa njia zao za milimita 1,067. Faida nyingine ni kwamba magari mengi madogo ya chuma ya watoto yako karibu na kipimo hicho, kwa hiyo pikapu yangu ya majani ya chai ilipatikana soko la mtumba. Bodi ya injini niliivua, natengeneza nyingine ya kadibodi.

Lakini mawe yalikuwa madogo sasa, na mataruma yalikuwa ya mbao. Ikabidi ting'oe. Gundi nyeupe ina huruma: ukiimwagia maji ya moto inalegea. Tulikaa Jumamosi nzima, mimi nikimwaga, Mzee akikwangua kwa kijiko. Ile sehemu ya reli zinapoachana ikafunguka pia. Nilipaka mataruma rangi ya kutu ili mistari ya mbao ipotee, kisha tukaanza upya na chekecho la matundu makubwa kidogo.

Hapo ndipo alipoanza kuongea. Si hadithi, maagizo. Jaza mpaka hapa. Hapana, pembeni panataka bega, njia isiyo na bega inatembea. Hapa injini husimama ikingoja, paka weusi wa mafuta katikati. Pale kwenye mtelemko maji ya mvua huingia, kwa hiyo tope hupanda na mawe huwa na rangi ya udongo. Ukiona tope limepanda ujue taruma linacheza, na mnyapara atakuja kukuuliza. Akanionyesha kwa mikono jinsi walivyoshindilia mawe chini ya taruma, watu wawili wakitazamana, kwa mdundo. Akanieleza fataki walizofunga juu ya reli mbali na mahali pa kazi, ili ukungu wa Limuru ukizidi, dereva asikie mlipuko hata kama haoni bendera nyekundu.

Sikuandika chochote. Niliogopa nikichukua kalamu atanyamaza.

Mandhari ni rahisi zaidi, au labda nilikuwa na mwalimu. Milima ni lile povu jeupe linalokuja na televisheni, limechongwa kwa msumeno wa chuma na kufunikwa karatasi ya choo iliyolowa gundi. Lipake hudhurungi kwanza, maana weupe mmoja tu ukichungulia umeharibu kila kitu. Udongo ni udongo mwekundu wa kweli, umechekechwa na kukaangwa kwenye sufuria nzee ili wadudu wafe. Nyasi ndefu ni nyuzi za kamba ya katani zilizotiwa rangi. Chai ni sponji ya kijani ya kusugulia masufuria, imekatwa vijia: ni bapa juu, kama tu chai inayochumwa inavyokuwa.

Mmarekani John Allen, aliyejenga Gorre & Daphetid huko Monterey, California, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha wenzake kwamba modeli isiyo chafu haiaminiki. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Mimi uchafu nilifundishwa na mtu mwingine. Alidai njia ya miguu kando ya reli, kwa sababu watu hutembea hapo hata ukiwakataza. Alidai rundo la kokoto za akiba. Mwisho akadai kibanda cha genge.

Nilikijenga kwa boksi la sabuni, mabati ya karatasi ya sigara, na nikakigundisha usiku wa mwisho kabla hajarudi nyumbani. Asubuhi alikipapasa kwa muda mrefu, begi lake likiwa mlangoni tayari.

"Mlango ulikuwa upande huu," akasema. "Ule tulikuwa tunaona treni tukiwa tumekaa."

Kliniki inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Jana alipiga simu. Aliuliza kazi, akauliza kodi ya nyumba, kisha akauliza kama nimegeuza mlango. Nilimwambia maji yako jikoni yanachemka.