Misioni inaanzia kwenye avenyu yetu

Tukisikia neno misioni, wengi tunaona mzungu ndani ya mtumbwi. Tuangalie Yakusu, hapa chini ya mto, karibu na Kisangani. Daktari Clement Chesterman wa misioni ya Wabatisti alifika kule mwaka 1920, wakati malale ilikuwa inaua watu sana. Peke yake asingefika mbali. Alifundisha vijana wa hapa kuwa wauguzi, wakatumwa kwenye zahanati za vijiji, wakapiga sindano. Hao ndio walibeba kazi, na majina yao wengi wetu hatuyajui.

Mimi niko Mangobo, niko na lisansi ya agronomia, kazi bado. Mwaka mzima nilipita pembeni ya shamba la mama jirani, naona mihogo imeshikwa na mozaiki: majani yamejikunja, yana madoa ya njano. Nilinyamaza, nangoja proje. Siku moja akaniuliza: "Injenieri, sombe yangu iko na nini?" Nilisikia haya.

Kumweleza kulichukua dakika kumi tu. Ugonjwa unapita ndani ya vipande vya miti tunavyopanda, na nzi weupe wanausambaza. Kwa hiyo kata mbegu kwenye miti yenye majani safi, na ile inayougua ing'oe mapema. Msimu uliofuata tulichagua mbegu pamoja.

Sasa wewe: ulisoma nini, na jirani yako anangoja nini kwako?